Tushirikiane, Lakini Mawe Ubebe Wewe

Mchw! Niacheni nisonye kwanza, ndiyo tuzungumze.

Kuna neno wanalolipenda sana maafisa wa miradi wanaoshuka huku kwetu: tushirikiane. Mtu anateremka garini, viatu havijaonja vumbi, anasimama mbele ya akina mama waliomngoja tangu asubuhi, analitamka. Wazee wanapiga makofi kwa adabu tu. Wanajua mawe watabeba wao, na ubao wa mradi utaandikwa jina la mwingine.

Ala! Mkamba afundishwe kushirikiana, na mwethya tumerithi kwa babu? Jirani anaita watu, wanamlimia, anawapikia, kisha zamu inahama. Mkoloni aliiona nguvu hiyo akaitamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, machifu waliwasukuma watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na watu wakachimba wamenuna. Wasinune vipi? Mwaka 1938 serikali hiyohiyo ilikuwa imewachukulia ng'ombe kwa nguvu, hata Mkamba mwenzetu Muindi Mbingu akawaongoza hadi Nairobi kuwadai. Miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilipojichagulia viongozi, matuta yakaenea vilimani. Majembe ni yaleyale, jamani.

Haki nayo isemwe. Yapo mashirika yaliyotuelewa: SASOL kule Kitui, Utooni huku Makueni, kwa mabwawa ya mchanga. Hapo hakuna hotuba ndefu. Wao saruji, chuma na fundi; kikundi mawe, maji na migongo. Ukuta unakatiza mto wa msimu, umekita kwenye mwamba. Mvua ikija, mto unaleta mchanga wake wenyewe na kuulundika nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani, jua linabaki kuyatamani. Kiangazi kikikolea, mama anachota bila kutembea nusu siku. Na migongo iliyobeba mawe hayo mingi ni ya wanawake. Wanaume? Si sisi hawa, tumekaa hapa tunachambua!

Sasa nisonye tena. Mchanga huo una mashabiki wengine, kule Nairobi kunakojengwa maghorofa. Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, lakini lori halisomi sheria, tena usiku. Na mkitaka kuona watu wanaoshirikiana kwelikweli, watazameni hao: dereva, wapakiaji, kijana wa kuchungulia kama askari yuko, na jirani aliyelipwa asisikie ngurumo ya injini. Hawana mwenyekiti wala kumbukumbu za mkutano, na hakuna anayechelewa. Mto unabaki mwamba mtupu, mama anarudia safari yake na mtungi.

Halafu asubuhi tunaulizana hapa, eti ni nani hao? Wapakiaji ni watoto wetu. Mmoja ndiye aliyetununulia chai hii tunayokunywa.