Wati 1,200 Mlangoni

"Mkwe, humu mlangoni mmeingia nyuki?"

Hilo ndilo swali la mama mkwe Jumamosi iliyopita, nikiwa nimetoka kumpokea stendi ya Magufuli kule Mbezi, begi lake kwenye buti, yeye kiti cha mbele, na mimi nimemwekea kwaya kwa heshima zote. Kila besi ilipopiga, mlango wa upande wake ulitetema, halafu kitu fulani ndani kikakwaruza. Nikapunguza sauti. Akasema niache tu, huenda ndivyo magari ya siku hizi yanavyoimba. Toka Mbezi hadi Tabata hakuongea tena. Aliuhamisha mkoba wake, akauweka mbali na mlango.

Fundi alibandua kava la mlango, akafungua skrubu, akanikabidhi spika mkononi. Nyepesi ajabu: karatasi nyeusi na kisumaku cha upana wa vidole viwili. Ukingo wa sponji unaoshikilia karatasi ulikuwa umeoza. Nilipougusa, ulibaki kidoleni, unga mweusi unaonata.

"Hii imekufa, braza. Nenda Kariakoo, chukua mbili za inchi sita na nusu. Angalia wati tu."

Kariakoo nikakuta ukuta mzima wa makasha: wati 300, wati 500, wati 800. Muuzaji akapanda ngazi, akashusha moja, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Hii hapa, bosi wangu. Wati 1,200. Mtaa mzima utahama."

Nikaligeuza. Nyuma, chini ya picha ya miali ya moto, kwa herufi za kusomwa na vijana, pameandikwa RMS wati 60.

"Na hii sitini?"

"Hiyo achana nayo, hiyo ya wataalamu."

Nikamuuliza desibeli. Akanitazama, akageukia wenzake: "Jamani, kuna mteja hapa anataka spika yenye desibeli." Duka likatulia. Kijana wa kubeba mizigo akatua boksi lake chini ili anione vizuri. Mwenye duka, bila kuinua macho kwenye simu, akatoa jibu: "Mwambie zimeisha. Mzigo unaingia wiki ijayo."

Nimecheka pia, sikatai. Lakini swali lilikuwa la haki. Wati zinazoandikwa kwenye spika si wati inazotoa. Ni kiasi inachoweza kupokea kabla ya koili yake, ule uzi mwembamba uliozungushwa nyuma ya karatasi, kuungua. Kiasi chake cha kweli ni ile RMS, 60. Anayetoa ni redio. Kununua spika ya wati 1,200 ili gari lilie zaidi ni sawa na kununua sufuria la harusi ukitegemea mchele uongezeke wenyewe.

Na redio nayo ni mwongo, ila uongo wake una hesabu tamu, nimekesha nao. Usoni imeandikwa 50W x 4. Gari likiwa limewashwa, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa 4, unapata karibu 52. Hamsini hiyo hapo! Ila ili redio izitoe, inabidi isukume umeme wote mbele, kisha wote nyuma, bila kupita taratibu katikati. Mawimbi ya kwaya yanakatwa vichwa na miguu hadi yanakuwa na pembe, na kinachotoka hapo si kwaya tena, ni king'ora. Wimbi safi linapata nusu yake, 26, na saketi ya redio nayo inakata posho yake njiani. Zinazokufikia ni kama 20. Ndizo hizo za kumpelekea yule wa 1,200.

Sasa ukiwa na wati 20, desibeli ndiyo namba yenye maana: ukubwa wa sauti inayotolewa na spika ukiipa wati 1 na kuipima umbali wa mita 1. Ikipungua desibeli 3, unahitaji wati mara mbili kufikia sauti ileile. Ikipungua 6, mara nne. Wajapani waliotengeneza gari langu walijua walichokuwa wakifanya na ile koni nyepesi ya karatasi: redio ndogo, koni nyepesi, kelele za kutosha. Ukiifungia redio ileile koni nzito yenye sumaku ya kutisha, gari linanyamaza.

Nilipekua makasha hadi nikapata moja lililoandikwa desibeli 92 na wati 45, bila miali ya moto. Muuzaji akanifungia kwa huruma, akanitajia bei mbili: ya risiti na ya bila risiti. Nikachukua ya risiti.

Fundi akafunga. Besi haikuwepo kabisa. Kwaya nzima ilibaki soprano. Akaja na betri ya tochi, akagusisha nyaya: spika ya kulia ikaruka nje, ya kushoto ikazama ndani. Alikuwa amegeuza chanya na hasi upande mmoja, kwa hiyo moja ikisukuma hewa nyingine inaivuta, na besi inafia katikati ya viti. Akageuza waya. Besi ikarudi, lakini kwa unyonge. Ikabidi tulete ile spika ya zamani ya mlango wa kulia, ambayo ilikuwa bado nzima. Tukaiunganisha sauti ikiwa palepale. Karatasi ya Kijapani ikazipita hizo 92 waziwazi, hata fundi akaguna.

Hapa ucheshi unaniisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, lakini risiti yangu ina mhuri mwekundu: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Niliporudi dukani nilioneshwa mhuri, si sheria. Namba kwenye kasha haimwajibishi yeyote: aliyeichapa yuko ng'ambo, aliyeiuza hajui maana yake, na ninayeijua ndiye ninayechekwa. Mtu anayepunja nusu kilo ya sukari tunamwita mwizi. Anayepunja wati 1,140 tunamwambia atushushie na ile ya juu tuione.

Kioo cha upande wa abiria sasa hakishuki zaidi ya nusu, kinagonga sumaku. Kwenye geti la maegesho mtu aliyekaa kushoto anafungua mlango. Fundi alichomoa betri ya gari, na redio ilipoamka ikadai diski ya ramani, kwa Kijapani. Vishikizo viwili vya kava havionekani.

Jana fundi amenitumia picha. Anasema spika hazina tatizo, kinachokosekana ni amplifaya, na anayo ya mshikaji wake, wati 5,000. Niliikuza picha kwa vidole hadi nikaiona fyuzi ubavuni: ampea 30. Nikamwandikia kwamba 30 mara 14.4 ni 432, hizo nyingine zinatoka wapi? Amejibu kwamba hata nusu nusu anapokea.