Msafiri Shupavu

Akipita Mzungu Kituntu, Karagwe, na baiskeli, peke yake, watoto humkimbilia na wakubwa huulizana kwa huruma: "Maskini, amekosa nauli?" Hapana, anatalii. Jasho lake amelilipia mwenyewe. Ana kofia ngumu, miwani, na gia nyingi kuliko lori la kahawa. Jioni ataandika kwamba ameshinda vilima vya Karagwe.

Vilima hivyo vina mwenyewe. Ametoka alfajiri na baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, breki yake soli ya kandambili, mikungu ya ndizi imefungwa kwa mpira wa tyubu ubavuni na juu ya keria. Mlima anaupanda akisukuma. Mteremko anaushuka akivuta kwa nyuma, maana mzigo una haraka kuliko yeye. Naye yuko peke yake, na siku yake ni ndefu. Sokoni hapewi jina la msafiri shupavu. Anaitwa "wewe," kisha anakatwa bei kwa sababu mkungu mmoja umechubuka.

Si mapya haya. Mwaka 1861 wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Grant aliondoka mwaka uliofuata juu ya machela, mguu una kidonda. Speke ana mnara wake London. Waliobeba machela walipewa mzigo mwingine.

Hebu wakutane mtalii na mwenye ndizi mlimani, wote wakisukuma. Mtalii ataomba wapige picha. Mwenye ndizi ataomba asukumiwe.