Seli Zinazojila: Kuhesabu Kurudi Nyuma, Kampemba

Jumapili Bel-Air, bukari na kapenta zikishaisha, hakosi yaya wa kutangaza kwamba ugonjwa wa moyo unaletwa na mawazo. Sawa, yaya. Na protini zisizovunjwa je?

5. Ubikwitini. Kiprotini cha asidi amino 76 tu. Hunata kwenye protini iliyochakaa au iliyokunjika vibaya. Vikinata kama vinne mfululizo, protini hiyo inaingizwa kwenye proteasomu na kukatwa vipande. Hakuna rufaa, hakuna “chef, tuelewane”. Waliogundua mchezo huo, Ciechanover, Hershko na Rose, walipewa Nobel ya kemia 2004.

4. Lisosomu. Kifuko ndani ya seli. Humeng’enya mizigo mikubwa kwa vimeng’enya vinavyohitaji asidi. Ni ugunduzi wa Christian de Duve huko Louvain mwaka 1955, Kongo ikiwa bado ya Wabelgiji. Hii angalau hawakuichimba kwetu. Ni yeye pia aliyeleta jina otofajia: seli kujila.

3. Klorokini. Unaikumbuka? Chungu hadi masikioni. Hupunguza makali ya asidi ya lisosomu. Vile vidonge vya malaria vya siku tatu havina kesi hapa, kwa hiyo bibi aliyekushika pua asilaumiwe. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa lupusi wanaomeza klorokini au nduguye haidroksiklorokini miaka mingi, taka hurundikana katika seli za moyo mpaka misuli ishindwe kusukuma damu. Ni nadra, tena usiache dawa kwa sababu ya orodha ya gazeti.

2. Presha. Ikikaa juu muda mrefu, moyo hujenga protini zaidi kuliko unavyobomoa, na ukuta wake unanenepa. Kitambi kinaonekana, huu hauonekani.

1. Misuli ya moyo haipati seli mpya, au tuseme inazopata hazitoshi hata kugombania. Mwaka 2009 watafiti wa Karolinska, Stockholm, walipima: asilimia 1 hivi kwa mwaka ukiwa na miaka 25, chini ya nusu ya hiyo ukifika 75. Protini zake ndizo hubadilishwa kila mara. Ni taksi inayofungwa vipuri ikiwa mbioni, abiria wamejaa. Kipimo cha watafiti hao kilikuwa kaboni-14 iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na urani nyingi ya mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Kwa hiyo yaya, hata hesabu ya moyo wako ina mkono wa Katanga. Gawio bado tunalisubiri.