Diamond wa Kijani

Mashabiki wa Diamond Platnumz wa Dar es Salaam tunawaheshimu, lakini ushabiki wao ni wa mteremko. Mtu kajilaza kwenye kochi, feni inazunguka, waifai ya jirani inakamata. Video ikitoka saa nne, saa nne na dakika tano ameshaimaliza na ameanza kubishana. Huyo amehangaikia nini? Aje Ilagala, huku Mto Malagarasi unakoingilia Ziwa Tanganyika, aone watu wanavyompenda Diamond, yaani Naseeb Abdul, wakati kila kitu kimewagomea.

Shule yetu ya kwanza ilikuwa kibanda umiza. Mwenyewe alikuwa na TV ya kichogo aliyoitundika juu kwa minyororo, na kabla ya mechi aliweka nyimbo za kuchangamsha watu. Hapo ndipo tulipoiona "Number One" ya mwaka 2013, ile iliyopigwa Afrika Kusini. Diamond alikuwa wa kijani. Sisemi nguo, nasema yeye mwenyewe: uso kijani, meno kijani, na warembo waliomzunguka kijani vilevile. TV ilikuwa imekufa rangi nyekundu, ila hakuna aliyetuambia. Tukachukulia kwamba ndio ufundi wenyewe. Wavuvi wazima, watu wanaosoma mawingu na kujua upepo wa kesho, walikaa kwenye mabenchi yale wakimsifia dairekta kwa kuthubutu.

Mwaka 2016 ikaja "Salome", aliyoifanya na Rayvanny kwa kuufufua wimbo wa Saida Karoli. Mama mmoja muuza mihogo alisimama mlangoni na beseni lake kichwani, akatazama mpaka mwisho bila kulishusha. "Wimbo mzuri," akasema, "lakini huyu kijana apimwe ini."

Siku mwenye kibanda aliponunua TV bapa, nusu ya watu walilalamika kwamba video za siku hizi hazina ladha. Mimi mwenyewe, nikikutana na "Number One" yenye rangi zake halali, naona kuna kitu wamepunguza.

Zilipokuja simu za kupangusa tukahama kibanda, kila mtu akawa na ukumbi wake mfukoni. Kwetu mtandao unakamata chini ya mchikichi mmoja nyuma ya nyumba ya baba mdogo, tena usimame ukiwa umeelekea ziwani. Bando la kawaida linavuta sekunde kadhaa, kisha kale kaduara kanaanza kuzunguka. Ndiyo maana mimi ni bingwa wa mianzo. Niulize video yoyote ya Diamond inavyoanza, nitakueleza mpaka mkanda wa saa. Inavyoisha, waulize wenye mishahara.

"Waah!" ilipotoka mwishoni mwa 2020, yeye na Koffi Olomide wa Kongo, bando lilikata Diamond akiwa na mguu mmoja hewani. Nililala sijui kama aliushusha. Na jioni ile anga lilikuwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa bila shida yoyote. Yaani Kongo nzima ilikuwa imefunguka mbele yangu, aliyegoma kufunguka ni Koffi. Lakini picha ikiganda namna hiyo unapata nafasi ya kuisoma. Nimeyaona mapazia, nimemwona mcheza shoo wa nyuma kabisa, yule ambaye amekosea hatua na anajifanya hakukosea. Sidhani kama Director Kenny aliyeipiga alitegemea mtu atakayekaa na fremu moja mpaka mbu wamfukuze.

Chaji nayo ina siasa zake. Sola ni ya shangazi, na shangazi ni Timu Kiba. Huu ndio mtihani wa mkoa wetu: Diamond amekulia Tandale lakini asili yake Kigoma, na Ali Kiba naye asili yake Kigoma, kwa hiyo nyumba moja inaweza kugawanyika mezani na wote wakawa wanatetea nyumbani. "Kiba anaimba ametulia," shangazi husema. "Wako huyo, ukimzuia asiruke, wimbo unabaki?" Kodi yake ya kuchaji ni moja: kabla hujachomeka waya, unaitazama naye "Mwana" ya mwaka 2014 mpaka mwisho, bila kuguna. Na ya Kiba haikwami hata siku moja, kwa sababu ameihifadhi kwenye memori kadi, na memori kadi anaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela za mawese.

Desemba 2019 Diamond alikuja mwenyewe. Alikuwa anaadhimisha miaka 10 ya muziki, akapanda treni kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa ajili ya shoo ya Uwanja wa Lake Tanganyika. Nilikwenda stesheni na simu iliyojaa chaji, nimeshalipa kodi yote ya shangazi. Video niliyorekodi ninayo hadi leo. Kuna kilemba cha kitenge cha mama mmoja mrefu. Kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kinapiga vigelegele. Karibu na mwisho kuna mkono unapita kwenye pembe ya juu. Sisi tuliokuwepo tunasema ni wa Diamond. Shangazi anasema ni wa baunsa.

Kisha 2024. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na "Komasava" ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Sijui nani alipanga ratiba hiyo. Wanaume waliozoea kukesha na karabai majini walikuwa nchi kavu, hawana usingizi, na wana simu. Mazoezi ya kuucheza wimbo huo yalifanyikia juu ya chanja za kuanikia dagaa kwa sababu zilikuwa tupu na zimenyooka. Chanja imejengwa kubeba dagaa, viumbe visivyocheza. Ile ya kwanza ilianguka kwa mpangilio, mstari mzima ukashuka pamoja bila kupoteza mdundo, na waliokuwa wanatazama walidhani ni sehemu ya staili. Kesho yake kijiji cha jirani walikuja kujifunza kuanguka.

Sifa za ushabiki wangu zikanifikisha kwenye harusi, nikapewa kazi ya kuweka muziki. Flashi yangu ilikuwa na video zote, nimejaziwa kwa kijana mwenye kompyuta mjini. Tatizo ni deki la wenye ukumbi, ambalo husoma herufi sita tu za mwanzo wa jina. Kwenye kioo kulikuwa na DIAMON~1, DIAMON~2, DIAMON~3, mpaka chini kabisa. Bibi harusi akatokea mlangoni. Nilimkusudia "Nana", ile aliyoimba na Mr Flavour wa Nigeria. Ikatoka "Mbagala", kilio cha maskini aliyeachwa.

Wimbo ungeweza kupita kimyakimya, lakini kungwi alikuwa amemfundisha bibi harusi kutembea polepole, na alifundishika. Kila hatua ilikuwa na ubeti wake. Kijana mmoja aliyewahi kuposa nyumba ile akainuka kutoka meza ya nyuma, akaja mbele akifuta macho, akatunza noti juu ya deki na kuomba irudiwe.

"Toa hiyo!" Baba mdogo wa bwana harusi alikuwa ameshafika. Nikabonyeza inayofuata. Ikatoka "Nataka Kulewa". Shehe aliyefungisha ndoa alikuwa bado yupo, ameshika kijiko cha pilau.

Kutoka upande wa wanawake nikamwona shangazi anakuja, anafungua pindo la khanga. Hakusema neno. Alichomeka memori kadi yake mwenyewe, akabonyeza, akasimama pembeni ya deki na mikono kiunoni. Ali Kiba akaanza "Mwana", habari za binti aliyewakimbia wazazi wake akaenda kuharibikia mjini. Bibi harusi akaangua kilio, mama yake akafuatia, na kungwi, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamika kwamba mwari wake ana macho makavu, akaagiza sauti iongezwe.