Mama Chura na Ukurasa wa Ukuta

Mama Chura aliishi bondeni kabla Mhanga hajafika, na kabla yake mama yake, na kabla ya mama yake bibi yake. Nalitanguliza hilo kwa sababu baadaye, maneno yalipokuwa makali, walitokea waliosema vyura wametegesha: kwamba wamejisogeza chini ya ukuta wapate kulipwa fidia. Si kweli. Ukuta ndio uliowafuata.

Mhanga alikuja kutafuta vito. Kwa kuchimba hana mpinzani. Kucha zake hupasua udongo mkavu kama jembe jipya, na kilima cha pale kilibeba vito tumboni. Wanyama walimpokea vizuri. Lakini kito ni kidogo na uchafu wake ni mwingi. Kwa kila konzi ya vito Mhanga alibaki na rundo la mchanga laini uliosagwa, ukaoshwa kwa maji na dawa, ukawa tope. Tope haliuziki, wala haliliki. Akapiga tuta kwenye mdomo wa bonde, juu kidogo ya dimbwi la Mama Chura, akawa analimwaga nyuma yake.

Nafasi ilipojaa akapiga tuta la pili. Mawe na udongo mgumu ni gharama, basi hili hakulisimika juu ya mwamba. Alilikalisha juu ya tope la jana, pale lilipokauka juu na kufanya ukoko. La tatu likakaa juu ya la pili namna ile ile, hatua moja nyuma zaidi. Ukitazama kutoka mbali uliona mlima mzuri wa ngazi, nyasi zimeota mbele.

Kila mwaka masika yakiisha, wanyama waliitwa chini ya mkuyu kusomewa Kitabu cha Wema. Msomaji alikuwa Bwana Tausi. Alifungua mkia, kisha akafungua kitabu. Akataja miche iliyopandwa kilimani, madawati ya watoto wa swala, kisima cha digidigi, jezi za timu ya nyani. Wanyama walipiga makofi, kisha wakagawiwa chakula.

Miti ile ilikuwa miti ya kweli, na watoto walikalia madawati ya kweli. Sitaki msomaji adhani kwamba Tausi aliwadanganya kuhusu dawati hata moja. Aliandika kilichokuwapo. Kosa lake lilikuwa katika kuchagua cha kuandika, na kosa la namna hiyo huwezi kulinasa kwa kuhesabu madawati.

Mwaka mmoja Mama Chura alinyanyua mkono.

“Bwana Tausi, ukuta uko ukurasa wa ngapi?”

Tausi akapekua. Akapekua tena. Mwishoni kabisa, baada ya picha za nyani wakiwa na jezi, palikuwa na mstari mmoja: ukuta umekaguliwa na ni imara.

“Nani kaukagua?”

“Fundi Kinyonga, mama. Ana cheti.”

Kila mtu alimjua Fundi Kinyonga, na hakuwa mjinga. Vipimo alivijua. Lakini nzi aliowala siku za ukaguzi walitoka ghalani kwa Mhanga, na kabla yake kazi ile ilikuwa ya Nyegere, ambaye mwaka mmoja aliandika kwamba ukuta unatoa jasho. Mwaka uliofuata Nyegere hakuitwa. Kinyonga aliyaona yote hayo kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akaiangalia familia yake.

Anayeujua udongo kuliko wote bondeni ni Mchwa. Lakini Mchwa ni chakula cha Mhanga, kwa hiyo hajawahi kusimama barazani. Usiku ule Mama Chura alikwenda kichuguuni, akakaa, akanong'ona: “Mwanangu, niambie. Sitataja jina lako.”

“Mama,” sauti ilitoka ndani, “tumepita katika ukuta ule. Sisi tukijenga, tunashika punje kwa punje kwa mate yetu. Kule hakuna kilichoshika. Ni mchanga uliotulia, na katikati ya punje kuna maji. Siku punje zitakapoteleza kidogo tu, mzigo wote utaangukia maji, na maji hayabebi mzigo. Hapo ukuta hautabomoka kama nyumba ya udongo. Utageuka mto.”

“Utatoa dalili?”

“Pengine jasho. Pengine hata jasho hapana.”

Mama Chura hakulala. Alfajiri akapiga mbiu ya baraza, na kwa kuwa vyura wakiamua kupiga kelele hakuna anayeweza kulala, wanyama wote walikuja. Mhanga naye alikuja, na Tausi, na Kinyonga.

Siku hiyo Mbayuwayu alikuwa amerejea kutoka safari. Mbayuwayu wa kwetu huja kutoka Ulaya, lakini ana ndugu zake wa Amerika Kaskazini ambao wakati wa baridi hushukia Brazili, na habari za ndege hupita kutoka bawa hadi bawa. Aliomba nafasi ya kusema.

“Mama Chura anauliza kama ukuta wa namna hii unaweza kugeuka mto. Ndugu zangu waliona. Mji wa Brumadinho, jimbo la Minas Gerais, tarehe 25 Januari 2019, saa 6:28 mchana. Kampuni ya Vale ilikuwa na bwawa la tope la mgodi wa chuma, ukuta wa mita 86, ulioanza kujengwa mwaka 1976 na kuinuliwa tuta juu ya tope, kama huu. Ulikuwa haujamwagiwa tope jipya kwa zaidi ya miaka miwili. Nyasi zilikuwa zimeota. Ving'ora vilikuwapo, havikulia. Ukuta uligeuka mto, ukashuka hadi Mto Paraopeba. Walikufa watu 270.”

“Ulikuwa haujakaguliwa!” Tausi alisema.

“Ulikaguliwa. Mwaka 2018, miezi michache tu kabla, wakaguzi wa kampuni ya TÜV SÜD walitia saini kwamba ukuta ni thabiti. Na Vale yenyewe ilikuwa imeonywa tayari. Novemba 2015, huko huko Minas Gerais, karibu na Mariana, ulivunjika ukuta wa kampuni ya Samarco, ambayo Vale ni mmoja wa wenye mali yake. Walikufa watu 19.”

Babu Kobe akatoa kichwa polepole. “Msidhani ni mambo ya Brazili. Mimi nilikuwa hai Septemba 1970, tope lilipoanguka usiku ndani ya mgodi wa shaba wa Mufulira, Zambia. Wachimbaji 89 hawakutoka. Na Novemba 2022, Mwadui, wilayani Kishapu, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba. Pale hakufa mtu. Tumshukuru Mungu, lakini tusimfanye Mungu kuwa mkaguzi wetu.”

Baraza likawa kimya. Kinyonga alibadilika rangi mara tatu bila kuhama.

“Na kitabu?” Mama Chura aliuliza. “Hao wa Brumadinho walikuwa na kitabu?”

“Walikuwa nacho,” Mbayuwayu alijibu. “Kila mwaka. Aprili 2022 mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliishtaki Vale kwamba iliwapotosha wawekezaji kuhusu usalama wa mabwawa yake, na miongoni mwa maandishi yaliyotajwa ni hicho kitabu chake, yaani taarifa zake za uendelevu. Machi mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 55.9 kumaliza shauri hilo.”

Nataka nisimame hapa kidogo, maana wengi huipita habari hiyo kama jambo la mahakamani tu. Taarifa ya uendelevu ilifikishwa mbele ya sheria kama ahadi. Aliyeisoma aliiamini, akatoa fedha yake kwa kuiamini. Ikiwa mwenye hisa aliye ng'ambo ana haki ya kudai ukweli wa ukurasa wa ukuta, basi anayelala chini ya ukuta ana haki hiyo maradufu, kwa sababu yeye hakuweka fedha. Ameweka watoto.

Nyani mmoja aliruka juu ya tawi. “Basi dawa ni rahisi! Mhanga ahamishie shimo lake chini ya ukuta. Alale na mkewe pale. Tuone kama hataukarabati!”

Wanyama walishangilia, na Mama Chura mwenyewe alianza kushangilia. Mbayuwayu akatikisa kichwa.

“Haitoshi. Brumadinho, ofisi za kampuni na kantini yake vilikuwa chini ya ukuta. Wafanyakazi walikuwa wanakula chakula cha mchana. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa kampuni yenyewe na wa makandarasi wake.”

Hilo liliwachoma kuliko yote. Kumbe mtu anaweza kula kila siku chini ya hatari na asiione, kwa kuwa karatasi imesema haipo. Na waliokula pale hawakuwa wale walioamua ukuta uinuliwe vipi. Mhanga ni jina la mchimbaji. Uhanga wenyewe uliwaangukia wapishi, madereva na wafagiaji.

Mama Chura alisimama tena, safari hii bila kupandisha sauti.

“Mzee Mhanga, hatukufukuzi. Kilima kina vito, na wanetu wanahitaji kisima. Tunataka matatu. Kwanza, mkaguzi tumchague sisi wa chini ya ukuta na alipwe na baraza, na Mchwa asikilizwe bila kuliwa. Pili, Kitabu cha Wema kianze na ukuta: maji yako wapi ndani yake, umeinuliwa juu ya nini, na likitokea la kutokea tope litafika wapi na kwa dakika ngapi. Chini yake liandikwe jina la mkubwa mmoja anayejibu. Hilo si la kwetu peke yetu. Kiwango cha dunia cha mabwawa ya tope, kilichotolewa Agosti 2020, kinataka liwepo. Miti na jezi vifuate. Tatu, tukisema simama, kuchimba kusimame.”

Mhanga alikaa muda mrefu akiziangalia kucha zake. La kwanza alilikubali. La pili alilikubali pia, ingawa Tausi alikunja mkia. Kwa la tatu alisema ana mikataba, ana wateja, ana ratiba. Apewe muda afikirie.

“Fikiria,” Mama Chura alisema. “Sisi tutakaa hapa hapa.”

Wakakaa. Swala walileta maji, nyani walivua jezi wakazitandika chini wazee wapate pa kukalia. Nyegere aliitwa, akaenda ukutani na Mchwa mgongoni, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Mbayuwayu alikuwa na safari, lakini kabla ya kuruka Mama Chura alimwuliza kama kule Brumadinho bado wanawakumbuka waliofunikwa. Akajibu kwamba zimamoto waliendelea kuchimbua tope kwa miaka wakitafuta miili, na kwamba jamaa za marehemu hawawaiti wahanga. Wanawaita vito. Hesabu rasmi ilisema 270. Jamaa huhesabu 272, kwa kuwa wanawake wawili walikuwa wajawazito.