Swali Lililopasuka Leeds

Waingereza wana kitenzi pop ambacho hakiwaishi mdomoni. Anayekwenda dukani mara moja ana-pop, na anayepita kwa jirani kunywa chai naye ana-pop. Ila wakisema pop the question, kila mtu anajua ni swali gani: utakubali nikuoe? Msemo huo hautumiki kuulizia bei ya ndizi. Sifa ya swali hilo ni ughafla wake, linaruka pa! kama bisi kwenye sufuria.

Kijana mmoja wa Nshamba, Muleba, anayefanya kazi Leeds, alifuata taratibu zote za huko: goti moja chini, pete mkononi, marafiki vichakani na simu zao. Binti, ambaye kwao ni Kashai, Bukoba mjini, akalia, akakubali. Video ikarushwa kwenye kundi la ukoo.

"Kadondosha nini?" mama mtu akauliza.

Ana haki. Uhayani aliyezoeleka kupiga magoti ni mwanamke, akisalimia wakubwa. Baba mkubwa yeye hakujali goti. Alitaka kujua kama huyo binti hana kwao.

Maana huku swali hilo halipasuki, linazungushwa. Mshenga anafika na barua ya posa, anakaribishwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo zamani watu wawili walizitafuna na damu zao wakawa ndugu. Anauliza habari za mvua, za senene, za mgomba ulioangushwa na upepo. Lubisi, pombe ya ndizi, ikishazunguka ndipo anakumbuka kwamba, ala, kuna ua limeonekana katika boma hili. Ua lenyewe liko jikoni, linasikilizia mlangoni.

Na hata serikali hazipendi kushtukizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. England wanataka 28. Kupasuka kote kule, kisha foleni kwa msajili!

Kwa kijana wetu wa Leeds, ikabidi mshenga apande basi kwenda Kashai. Akarudi na majibu: barua imepokelewa, ila kuna faini ya kumuuliza mtoto kabla ya wazazi wake. Leeds wakatuma pesa kwa simu jioni ileile. Halafu kuna shangazi wa binti, naye ana sharti lake: kijana akija likizo, lile goti alirudie mbele yake, na safari hii yawe mawili.