Tatizo ni Kusimama

Muuzaji wa pikipiki kubwa hana haja ya kusema uongo. Atakutajia nguvu za injini, breki za ABS na vishikio vya usukani vyenye kupasha viganja joto, jambo la maana sana kwa mkazi wa Dar es Salaam mwezi wa pili. Asichokitaja ni kwamba ipo siku utataka kuirudisha nyuma. Pikipiki ya kawaida haina rivasi. Rivasi ni miguu yako, na ya kwangu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Yangu ilikuwa cc 1,200. Pikipiki za daraja hilo zikijazwa mafuta huwa na kilo 240 hivi, na siti iko kama sentimita 85 kutoka chini. Mwenye miguu mirefu anakanyaga ardhi kwa nyayo. Sisi wengine tunaigusa kwa ncha za vidole na kuomba Mungu.

Barabarani hilo si hoja. Ikishashika mwendo inajisimamia yenyewe, uzito unausahau, na kati ya Mlandizi na Chalinze unajiona rubani. Ndiyo maana watu wakisikia fulani kauza pikipiki kubwa kanunua ndogo, husema ameogopa mwendo. Sijakutana bado na mtu aliyeuza kwa sababu ya mwendo. Huuza kwa sababu ya kusimama: kwenye foleni, getini, kituo cha mafuta, kilimani mbele ya mama mkwe. Ikiwa wima, unaishika kwa kidole kimoja. Ikiinama kidogo, inaanza kukudai. Ikizidi hapo, hakuna mwanaume. Na usisahau tenki: lita 20 za petroli ni kilo 15, nazo zimekaa juu kabisa, karibu na kitovu chako, zinasubiri kisingizio tu.

Mimi naishi Kigamboni na kazi yangu iko Posta, kwa hiyo kila asubuhi ni pantoni. Anayeijua pantoni anajua geti likifunguliwa hakuna mkubwa wala mdogo. Waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni na bodaboda wote wanaingia kwa pamoja, na mlango wenyewe ni bamba la chuma lenye maji ya chumvi na utelezi wa samaki. Siku moja mbele yangu alikuwa jamaa mwenye ndoo. Simu yake ikaita, naye akaona pale pale mlangoni ndipo pa kuipokelea. Ndoo ikasimama, nami nikasimama. Mguu wa kushoto ukateremka kutafuta chuma, ukakuta magamba.

Siwezi kusema ilianguka. Ilijilaza, taratibu, kama mzee anayejinyoosha mkekani baada ya pilau. Nilipata muda wa kutosha kuishika, kuiachia na kusogea pembeni. Nyuma yangu honi zikaanza. Nikainama niinyanyue, vijana wa bodaboda wakapiga kelele: "Mshua, acha, utavunja kiuno!" Wakajipanga, moja, mbili, tatu, ikasimama. Mmoja akaniuliza inakula lita ngapi, mwingine alikuwa ameshapanda anapigwa picha. Yule wa ndoo hata hakugeuka. Nilimsikia akiieleza simu yake: "Hakuna kitu, kuna mshua kalaza pikipiki. Endelea."

Nyumbani kulikuwa na mchanga. Stendi ya pembeni ina unyayo mdogo sana, ukiipa mzigo ule juu ya mchanga wa Kigamboni inazama huku unaitazama. Dawa yake ni kifuniko cha kopo la rangi. Unakitoboa, unakifunga kamba, unakitupa chini ya stendi, na ukishapanda unakivuta kwa kamba bila kushuka. Nilijivunia sana ubunifu ule, mpaka watoto wa jirani walipogundua kwamba kifuniko chenye tundu katikati ni tairi ya gari la waya. Jioni ile mke wangu alinipokea mlangoni: "Baba Zuhura, mwenzio kalala tena kwenye mipapai."

Yeye mwenyewe alikuwa akiipanda kwa kigoda. Kupanda hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa huko tuendako, ambako hakuna kigoda cha kushukia. Fundi wa mtaani naye aliizunguka, akajifuta mikono kwa kitambaa kabla hata ya kugusa kitu, akasema hii mpaka kompyuta.

Hapo ndipo nikaanza kuwaza pikipiki ndogo. Mwaka 1958 kampuni ya Honda ilitoa Super Cub, cc 50, yenye klachi isiyohitaji mkono. Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walimfikiria kijana anayesambaza tambi mitaani: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umebeba sinia. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo. Mimi sishangai. Msambazaji wa tambi anasimama kila mlango. Wangemfikiria mtu wa kwenda Chalinze, wangetengeneza mzigo kama wangu.

Nikaiuza kwa bwana mmoja wa Arusha mwenye miguu ya twiga, nikachukua Boxer ya cc 150. Uzito wake ni kama nusu ya ile. Naisukuma mpaka ukumbini kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mkate. Ikiinama, naikemea. Kweli, malori ya Morogoro yakinipita yananisogeza pembeni, na mlimani naweza kusalimiana vizuri na waenda kwa miguu.

Juzi nilishuka pantoni upande wa Kigamboni, nikasimama kidogo kufunga vizuri mkanda wa helmeti. Nikasikia shokomzoba zinashuka. Nyuma yangu alikuwa ameshakaa mama mmoja na mfuko wa viazi, kanga ameiweka sawa kabisa.

"Mwanangu, Tungi. Buku."

Ni miaka mingi sijaitwa mwanangu, nikashukuru kioo cha helmeti kilikuwa cheusi. Hata hivyo nikamwambia: "Mama, mimi si bodaboda."

"Haya, buku jero. Ila usikimbize."